SOMO: Kusawazisha TSC kwenye Hackintosh ya X99 na Xeon (mashine ina kori 12 lakini inajikokota)

Wakuu salaam. Hili somo ni kwa wale wenye mashine za X99 (bodi za Intel) zenye Xeon, zile prosesa za mtumba zinazotolewa kwenye sava zilizostaafishwa, mtu kaipata kwa bei poa, kaweka macOS kwa OpenCore (programu inayowasha macOS kwenye kompyuta isiyo ya Apple, ndo inaitwa Hackintosh), afu anashangaa mbona kitu cha kori 12 kinajikokota kuliko laptopu ya mdogo wake. Kabla hujaanza kulaumu RAM au diski soma hii mpaka mwisho maana mimi nililaumu vyote hivyo.

Yangu ni E5-2670 v3, kori 12 thredi 24 (kila kori inaonekana kwa mfumo kama prosesa mbili, kila moja ndo thredi). Siku ya kwanza kuwasha, ule mstari chini ya tufaha ulifika katikati ukaganda, nikaenda kuchemsha chai nikarudi bado upo pale pale. Ilipofunguka ndo nikaona vituko, nasogeza mausi mshale hauendi, baada ya kama sekunde mbili unaruka mpaka kona ya pili, saa ya juu kulia inahesabu 12, 13, 14, inasimama, afu ghafla 19. Ukicheza wimbo sauti inakwaruza. Nikabadili RAM, nikabadili SSD, kadi ya grafiki nikaichomoa nikairudisha, wiki nzima ikaisha na kumbe hakuna kifaa hata kimoja kilichokuwa kibovu.

Shida ni hii. Kila thredi ya prosesa ina kaunta yake inayohesabu mapigo tangu mashine iwashwe, inaitwa TSC (Time Stamp Counter), ipo tangu enzi za Pentium mwaka 1993. macOS inaitegemea hiyo kaunta kujua muda, na inaamini kabisa kwamba kaunta za thredi zote zinasoma namba moja. Kwenye Mac halisi ni kweli, firmwea ya Apple inahakikisha. Kwenye mazabodi nyingi za X99 na za sava BIOS inaziacha zimepishana, nyingine inazivuruga pale mashine inapoamka kutoka usingizini.

Fikiria watu wawili wamepanga kukutana saa mbili, mmoja anasoma saa ya Kiswahili mwingine anasoma ya Kizungu. Saa zao zote nzima, zinakwenda mwendo ule ule, hakuna inayochelewa, ila zimepishana masaa sita na kila mmoja ana uhakika mwenzie hajatokea. Ndo kori zako zilivyo. Kazi ikianza kwenye kori ya 3 ikahamishiwa kori ya 9, muda unaonekana umeruka mbele au umerudi nyuma, mfumo unakaa unasubiri wakati uliokwisha kupita. Kwa hiyo hatubadilishi saa ya mtu, tunazianzisha zote kwenye namba moja, basi.

Jambo moja niliseme mapema, leseni ya Apple inaruhusu macOS kwenye kompyuta za Apple tu. Fanya kwenye mashine yako ya kujifunzia, usimuuzie mteja mashine ya namna hii ukamwambia ni Mac.

HATUA YA 1: Hakikisha ni TSC kweli

Usiweke kexti (kipande cha programu kinachopandishwa ndani ya kiini cha macOS) kabla ya kupima. Fungua config.plist (faili la mipangilio ya OpenCore), nenda NVRAM, Add, ile namba ndefu inayoanza na 7C436110, kwenye boot-args ongeza neno hili:

cpus=1

Washa mashine. Hapo macOS inatumia thredi moja tu, na thredi moja haiwezi kupishana na nafsi yake. Itakuwa nzito kwa kukosa nguvu, hilo ni sawa, wewe angalia ULAINI. Mshale unateleza bila kuruka? Saa inahesabu sekunde moja moja? Kama ndiyo basi tatizo lako ni TSC karibu kwa uhakika. Kama bado inaganda vile vile rudi kaangalie grafiki na mambo mengine, somo hili halitakusaidia. Ukimaliza kupima ulifute hilo neno, kuna jamaa alilisahau wiki mbili akawa anahisi kaibiwa prosesa.

HATUA YA 2: Weka akiba ya EFI

Chukua flashi, ifomati FAT32, nakili folda yote ya EFI (ndo inayobeba OpenCore na mipangilio yake) inayofanya kazi sasa hivi. Ukikosea unawashia flashi. Nasisitiza hili kwa sababu kexti ya TSC ikikaa vibaya mashine inaweza isifike hata kwenye deskitopu ya kurekebishia.

HATUA YA 3: Jua idadi ya thredi

Fungua Terminal uandike:

sysctl -n hw.logicalcpu

Kwangu inatoa 24. Usikisie kwa kusoma jina la prosesa kwenye boksi maana kama hyper-threading imezimwa kwenye BIOS namba inakuwa nusu. (Kama neno cpus=1 bado lipo itakudanganya, ndo maana nimesema lifute kwanza.)

HATUA YA 4: Chagua kexti MOJA

Hapa ndo watu wanachanganya, mtu anapakua tatu anazimwaga zote. Chagua moja tu.

CpuTscSync ndo ya kuanza nayo kwa X99, yaani vizazi vya prosesa vya Haswell-E na Broadwell-E, pia kwa laptopu zinazoamka zikiwa nzito. Inatoka kwa Acidanthera, wale wale wa OpenCore, inahitaji Lilu (kexti ya msingi ambayo nyingine zinaitegemea), na idadi ya thredi inaitafuta yenyewe.

TSCAdjustReset ni kwa Skylake-X, Skylake-SP, Cascade Lake-X na ndugu zao. Kila thredi ina rejista nyingine, namba 0x3B, inayoshika kiasi ambacho TSC imesogezwa. Kexti hii inairudisha sifuri kwenye thredi zote. Lazima uihariri kwa mkono.

VoodooTSCSync ni ya zamani, toleo lililotunzwa na msanidi RehabMan, nayo unaihariri kwa mkono. Ilitutoa mbali sana ila kwa X99 leo sioni sababu ya kuanza nayo wakati CpuTscSync ipo.

HATUA YA 5: Kuiweka

Fungua sehemu ya EFI ya diski (mount). Andika diskutil list utaona sehemu iliyoandikwa EFI, mara nyingi ni disk0s1, afu:

sudo diskutil mount disk0s1

Tupia CpuTscSync.kext kwenye EFI/OC/Kexts. Kuiweka kwenye folda peke yake haitoshi, OpenCore haisomi kitu ambacho hakijaandikwa kwenye config. Nenda Kernel, Add, ongeza ingizo jipya:

BundlePath: CpuTscSync.kext
ExecutablePath: Contents/MacOS/CpuTscSync
PlistPath: Contents/Info.plist
Enabled: True

Iwe CHINI ya Lilu kwenye orodha, Lilu ndo mama, asipotangulia mtoto hasimami. Wavivu wa kuandika tumieni ProperTree (programu ya kuhariri config), ina OC Snapshot inajaza yenyewe na mpangilio inaupanga.

HATUA YA 6: Kwa wale wa TSCAdjustReset au Voodoo

Bonyeza kexti, chagua kuonyesha yaliyomo ndani, Contents, Info.plist. Fuata njia hii: IOKitPersonalities, jina la kexti, IOPropertyMatch, IOCPUNumber. Hiyo namba ni idadi ya thredi KUTOA MOJA. Thredi 24 unaandika 23. Wale wa i9-7980XE yenye thredi 36 mnaandika 35.

Kwa nini utoe moja? Kwa sababu thredi zinahesabiwa kuanzia 0, kwa hiyo ya mwisho kati ya 24 ni ya 23, na kexti inasubiri ile ya MWISHO kabisa ijitokeze ndipo ifanye kazi yake, ili zote ziwe zimeshaamka. Ukiandika 24 itasubiri thredi ambayo haipo, haitapanda kamwe na hutaona kosa lolote kwenye skrini, kimya tu na mashine nzito kama jana. Ukiandika 11 itaanza kusawazisha wakati nusu ya thredi bado hazijajitokeza. Kosa hili la namba moja ndo chanzo cha "nimeweka kexti haijasaidia" nyingi ninazoziona.

HATUA YA 7: Washa, thibitisha, LAZA

Ikiwaka andika:

kextstat | grep -i tsc

Ukiona jina la kexti basi imepanda. Afu mimi huwa nachukua stopuwochi ya simu naweka pembeni na kukimbiza hii:

for i in 1 2 3 4 5; do time sleep 5; done

Kila mzunguko uchukue sekunde 5 na kidogo, na simu ikubaliane na skrini kwamba jumla ni kama 25. Mmoja ukiganda bado kuna kupishana.

Watu wengi wanaishia hapo wanafurahi, na hapo ndo wanapokosea. Kuwaka vizuri ni nusu tu, kwa sababu mazabodi nyingine zinavuruga kaunta wakati wa KUAMKA. Kwa hiyo andika pmset sleepnow, subiri dakika tatu hivi, iamshe, cheza video papo hapo uangalie midomo na sauti. Rudia mara tatu. Yangu ilipopita ile ya tatu bila mkwaruzo ndipo nikarudisha mfuniko wa keisi na kubana skrubu.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu mimi ndo kwanza nainstoli, sina macOS ya kuandikia hizo komandi, installa inaganda kwenye tufaha. Naanzia wapi?

Jibu: Kexti inawekwa kwenye EFI ya flashi ya kuinstolia, hatua ya 5 unaifanya hata ukiwa Windows, ProperTree inakubali huko. Idadi ya thredi unaiona kwenye Task Manager, Performance, CPU, imeandikwa Logical processors.

Swali: Windows na Ubuntu zinatembea freshi kabisa kwenye mashine hii hii, inakuwaje macOS peke yake ndo ilalamike? Si ina maana prosesa ni nzima?

Jibu: Prosesa ni nzima kabisa, usiitupe. Linux inazikagua TSC wakati wa kuwaka, ikiona zimepishana inaziacha inahamia kwenye saa nyingine ya kwenye bodi kama HPET. Huko Ubuntu andika dmesg | grep -i tsc, ukikuta imeandikwa TSC ni unstable basi Linux imeliona tatizo lile lile ikalikwepa bila kukuambia. macOS haina mpango wa kukwepa, haikutegemea kukutana na bodi kama yako.

Swali: Nimeweka CpuTscSync pamoja na VoodooTSCSync ili niwe na uhakika zaidi. Sasa hivi inarestati yenyewe.

Jibu: Toa Voodoo kaka. Zote mbili zinaandika kwenye kaunta zile zile.

Swali: Mimi ni Ryzen, je hii inanihusu?

Jibu: Tatizo linaweza kukupata lakini dawa ni nyingine, CpuTscSync haifanyi kazi kwenye AMD. Angalia ForgedInvariant, yenyewe ni ya AMD na Intel, unaweka tu bila kuhariri namba.

Swali: Nina bodi ya soketi mbili, Xeon mbili, nikikimbiza komandi inaleta 48. Naandika 23 au 47?

Jibu: 47, unahesabu zote za soketi mbili kwa pamoja. Na kwa soketi mbili za Intel kuanzia Catalina utahitaji pia AppleMCEReporterDisabler, bila hiyo unapata kerneli paniki (mfumo mzima unakufa ghafla) isiyohusiana na TSC kabisa na utazunguka siku nzima ukiilaumu TSC.

Swali: Kwenye config nimeona TscSyncTimeout, si niwashe hiyo tu niachane na kexti?

Jibu: Iache 0. Hiyo iliwekwa hasa kwa wanaotumia kerneli ya kudibagi (kiini cha macOS cha kutafutia makosa), ambapo kaunta zinatakiwa zilingane kabla kexti yoyote haijapanda.

Swali: Kuna faida kuhangaika na hii kitu wakati nasikia Intel inaachwa?

Jibu: Ni kweli, Apple walisema 2025 kwamba macOS 26 Tahoe ndo ya mwisho kwa Intel. Ila mimi nafanya kazi za sauti na Monterey yangu inanitosha, na ningenunua Mac ya nguvu kama mashine hii ningelipa mara nyingi zaidi. Kama unaanza leo na una hela ya Mac mini, nunua Mac mini. Kama mashine unayo tayari ndani, irekebishe.

Swali: Nimefuata yote, inawaka poa ila ikiamka bado nzito. E5 v3, TSCAdjustReset, nimeandika 24.

Jibu: Mambo mawili hapo. Kwanza kama una thredi 24 ilitakiwa iwe 23, kwa hiyo haijapanda kabisa, kextstat itakuthibitishia. Pili kwa v3 anza na CpuTscSync, itoe hiyo. Ikigoma tuma majibu ya hw.logicalcpu na ya kextstat niyaangalie.