Kundi la chembe na chakula cha kuku: kutafuta bei ndogo bila kuvunja masharti

Mfugaji yeyote wa Uganda analijua swali hili: kilo 100 za chakula cha kuku wa mayai uzichanganye vipi zitoke kwa bei ndogo, protini isipungue? Tutatumia algoriti (utaratibu wa hesabu wa kompyuta) ya kundi la chembe, waliyoitoa watafiti James Kennedy na Russell Eberhart mwaka 1995 kwa kuiga mwendo wa makundi ya ndege: kila chembe ni mchanganyiko mmoja wa kujaribu, nayo husogea kuelekea michanganyiko iliyo bora. Hesabu hii hata kalamu inaiweza, na ndiyo maana nimeichagua: jibu likijulikana, kosa la programu halijifichi.

1. Andika masharti. Bei za mfano kwa kilo: mahindi Sh 1,200, soya 3,500, mukene (dagaa) 4,000. Protini tuchukue asilimia 9, 44 na 55. Mchanganyiko ufikishe asilimia 16. Mukene isizidi kilo 10, ikizidi mayai hunuka samaki.

2. Ondoa sharti la jumla ya kilo 100. Chembe zilizotawanywa kwa bahati nasibu haziwezi kuangukia 100 kamili. Tafuta soya na mukene tu. Mahindi ni kilo zinazobaki.

3. Tawanya chembe 30. Soya 0 hadi 40, mukene 0 hadi 10, kasi 0.

4. Zisogeze. Kasi mpya = 0.73 × kasi ya zamani + 1.5 × r1 × (mahali pake bora − ilipo) + 1.5 × r2 × (mahali bora pa kundi − ilipo). r1 na r2 ni namba nasibu kati ya 0 na 1, zichague upya kwa kila kiungo. Ongeza kasi kwenye mahali ilipo. Ikivuka mpaka, irudishe mpakani.

5. Amua lipi ni "bora". Kazi yote iko hapa. Mwanzoni niliongeza kwenye gharama faini ya Sh 5,000 kwa kila asilimia ya protini iliyopungua. Kundi likaniletea mahindi matupu! Kupandisha asilimia moja kwa mukene hugharimu kama Sh 6,087, kwa hiyo kulipa faini kulikuwa nafuu. Tangu hapo nafuata kanuni za mtafiti Kalyanmoy Deb za mwaka 2000: anayetimiza masharti humshinda anayeyavunja, wakitimiza wote, mwenye gharama ndogo hushinda, wakivunja wote, aliyevunja kidogo hushinda. Faini haihitajiki tena.

6. Endesha mizunguko 200 ya hatua ya 4 na 5. Utarajie mahindi 83.14, soya 6.86, mukene 10, jumla Sh 163,771. Rudia mara kumi. Majibu yakitofautiana, kagua hatua ya 5 kabla ya kuongeza chembe.