Namna ya kumaliza Google Summer of Code zikiwa zimebaki wiki tatu

Google Summer of Code ni mpango wa Google unaowalipa watu posho wachangie msimbo kwenye programu huria, kila mmoja akiwa na mlezi (mentor) kutoka kwenye mradi. Zikibaki wiki tatu mpango uishe, usianze kipengele kipya. Najua inauma. Kwenye pendekezo uliahidi vipengele sita, umekamilisha vinne, na moyo unakwambia ukikesha siku kumi vyote vitapatikana.

Mimi nilikesha. Mradi wangu ulikuwa wa saa 175, maktaba (mkusanyo wa msimbo wa kutumiwa na wengine) ya lugha ya Python inayosoma mafaili ya ramani. Kazi yangu ilikuwa kuifanya isome faili kubwa kipande kipande, ili kompyuta yenye RAM ya GB 4, kama niliyokuwa nayo Mwanza, isigande. Wiki ya kumi nikafungua PR mpya (pull request, yaani ombi la kuingiza msimbo wako kwenye mradi) ya mistari zaidi ya 900. Mpango ukaisha PR hiyo haijaguswa, maana mlezi wangu alikuwa na ajira yake na msimbo wangu aliukagua usiku, watoto wake wakishalala. Wakati huohuo nilikuwa na PR mbili ndogo zilizotaka marekebisho ya nusu saa tu, na aliyekuwa akisubiriwa ni mimi.

Kwa hiyo kaa chini uandike PR zako zote zilizo wazi, na mbele ya kila moja uandike anayesubiriwa ni nani, wewe au mkaguzi. Zinazokusubiri wewe zimalize kwanza, ndogo zikitangulia. Vuta mabadiliko ya tawi kuu, yaani msimbo rasmi wa mradi (`git fetch upstream`, kisha `git rebase upstream/main`), tatua migongano kati ya msimbo wako na huo, hakikisha majaribio yote yamepita, halafu jibu maoni moja baada ya jingine. Usiandike "nimerekebisha" ukaishia hapo. Sema umerekebisha nini na kwenye faili gani, kwa sababu aliyeandika maoni hayo wiki tatu zilizopita ameshasahau. PR kubwa ikate. Ile yangu niliikata vipande vitatu baada ya mpango kuisha, na kipande cha kwanza kiliunganishwa, yaani kiliingizwa kwenye mradi, ndani ya siku mbili.

Siku hiyohiyo mwandikie mlezi. Hapa wengi wetu tunakwama, nami nilikwama. Tumelelewa tusimsumbue mkubwa, tusubiri aulize mwenyewe. Lakini mlezi aliye Ujerumani au Brazili hakuoni ukihangaika, na ukinyamaza anadhani mambo yanakwenda sawa. Ujumbe mfupi unatosha: "Zimebaki wiki tatu. PR zilizo wazi ni hizi nne. Napendekeza tumalize hizi mbili, na zilizobaki niziandikie ishu. Unaonaje?" Ishu ni maelezo ya kazi iliyobaki, yanayoachwa wazi kwenye ukurasa wa mradi. Hujamkosea heshima. Umempunguzia kazi ya kufikiria aanzie wapi, na mimi nilipoandika hivyo hatimaye, alinijibu kabla ya saa moja kupita.

Sasa maelezo ya matumizi. Hii ndiyo sehemu ninayoijali kuliko zote. Mtafute mtu ambaye hajawahi kuugusa mradi wako, mpe kompyuta ambayo si yako, kaa pembeni yake na ufunge mdomo. Mimi nilimwita binamu yangu aliyekuwa mwaka wa pili chuoni. Nikamfungulia README, faili la maelezo ya mradi, na kumwambia afuate kilichoandikwa, basi. Hatua ya kwanza ikapita. Ya pili ilikuwa `pip install`, akabonyeza, mistari myekundu ikajaa kioo kizima.

"Dada, inasema haioni gdal-config. Hiyo ni nini?"

Ilikuwa ni sehemu ya GDAL, maktaba ya kusoma data za ramani ambayo msimbo wangu uliitegemea. Kwenye kompyuta yangu ilikuwepo tangu mwaka uliotangulia na nilishasahau kama niliiweka. Miezi mitatu nilikuwa nimeandika maelezo yaliyofanya kazi kwenye mashine moja tu duniani. Tiba yake ilikuwa mstari mmoja, `sudo apt install libgdal-dev`, lakini mgeni angeujulia wapi? Binamu alikwama mara tano jioni ile. Kila alipokwama niliandika kwenye daftari, na kesho yake nikatuma PR ya maelezo peke yake. Iliunganishwa bila hata swali moja.

Ripoti ya mwisho ianze kuandikwa wiki ya pili kutoka mwisho, si usiku wa kuwasilisha. Google wanataka linki ya wazi na ya kudumu, na linki ya repo (hifadhi ya msimbo wa mradi) peke yake haitoshi, kwa sababu anayeifungua hawezi kutenganisha kazi yako na ya wengine mia. Andika ukurasa unaosema lengo lilikuwa nini, umefanya nini, hali ikoje sasa, kipi kimeunganishwa na kipi bado, na kilichobaki ni nini. Orodha ya komiti zako (mabadiliko uliyohifadhi kwa git) utaipata kwa `git log --author="jina lako" --oneline`; ya PR iko kwenye wasifu wako wa GitHub. Andika na ugumu uliokutana nao, kwa ukweli. Msimbo ambao haujaunganishwa haukufelishi wenyewe. Mwamuzi ni mlezi, naye anaijua kazi yako.

Muda wa mwisho hutangazwa kwa UTC. Saa 18:00 UTC kwetu Afrika Mashariki ni saa 3 usiku. Usiifikie saa hiyo. Wasilisha siku mbili kabla, ukiwa na bando na Luku ya kutosha, na ukumbuke fomu ya tathmini ni sehemu ya kazi: usipoijaza umefeli, hata msimbo wako uwe mzuri namna gani. Malipo ya mwisho ni asilimia 55 ya posho yote, na hayo yanategemea kufaulu tathmini hii.

Vile vipengele ulivyoviacha, kila kimoja kifungulie ishu. Eleza ulichojaribu, kilichokushinda, na faili ambalo mtu aanzie. Mimi niliacha mbili. Moja ilichukuliwa mwaka uliofuata na kijana ambaye sijawahi kuonana naye. Aliniandikia mara moja tu, akiuliza faili la majaribio lilikuwa na ukubwa gani. Nikamjibu, na Ijumaa yake PR yake ikaingia.