Kutoka mimbarini hadi jaridani: kuchapisha utafiti wa dini ukiwa muumini

Rasimu nyingi ninazoletewa na wanafunzi wa uzamili huanza na jibu. Mwandishi amesoma madrasa tangu utotoni, dalili (aya na hadithi za kuthibitishia hukumu) anazijua, na ukurasa wa kwanza haujaisha amekwisha kuhukumu nani kapatia na nani kakosea. Mimbarini hilo linafaa, kwa sababu waliokaa mbele ya khatibu wamekuja kutafuta mwongozo. Jarida la kitaaluma lina wasomaji wengine: mwanahistoria, mwanasheria, mtu wa madhehebu nyingine, mtu asiye na dini kabisa. Ninafundisha taaluma za Kiislamu chuo kikuu hapa pwani. Mimi ni muumini na ninaandika kama muumini, na vijana wangu nawaambia hivi: usiifiche imani yako, lakini kila hatua ya hoja yako iwe inakagulika hata na mtu asiyeswali nawe.

Tuchukue suala la mwandamo wa mwezi, maana kila Ramadhani linarudi misikitini kwetu. Khatibu anauliza: tufuate mwezi ulioonekana Makka, au tungoje uonekane kwetu? Mwandishi wa makala anauliza jambo jingine: masheikh wanaoshikilia mwandamo wa mji wao wanaitumiaje hadithi ya Kurayb, na wanaowapinga wanaijibuje? Hadithi hiyo imo katika Sahih Muslim, mkusanyiko wa hadithi wa Imam Muslim, Kitabu cha Saumu, namba 1087 kwa hesabu ya mhariri wake, Muhammad Fuad Abdul-Baqi. Kurayb aliuona mwezi huko Sham usiku wa kuamkia Ijumaa, akarudi Madina mwishoni mwa mwezi. Ibn Abbas, sahaba wa Mtume, akamwambia kwamba wao wa Madina waliuona usiku wa kuamkia Jumamosi, na wataendelea kufunga mpaka watimize thelathini au wauone. Imam Nawawi, katika ufafanuzi wake wa Sahih Muslim, anasema kauli sahihi kwa wenzake wa Kishafii ni kwamba kuonekana kwa mwezi hakuwaenei watu wote. Kunawahusu walio karibu, katika umbali ambao msafiri hafupishi sala. Wanavyuoni wengi wa madhehebu nyingine wameona kinyume.

Pwani yetu imekuwa ya Kishafii kwa karne nyingi. Basi hapo makala unayo tayari: uzi wa fiqhi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, kutoka kwa Nawawi hadi darsa za leo, ukiushuhudia kwa darsa zilizorekodiwa, kwa matangazo ya Kadhi Mkuu wa Kenya na ya Mufti, na kwa mahojiano. Wanaopinga wape nafasi ya kutosha. Jipime hivi: sheikh wa upande wa pili akisoma maelezo yako ya hoja yake, je, atasema "ndivyo hasa ninavyosema"? Kama hatasema, rudi kazini. Na hakuna anayekuzuia kutaja mwishoni rai unayoiona ina nguvu zaidi, ilimradi umeonyesha njia uliyoifikia kwayo.

Msimamo wako uutangaze mapema, katika utangulizi, kwa sentensi mbili tatu: "Naandika nikiwa Mwislamu wa madhehebu ya Shafii, niliyesomeshwa na baadhi ya masheikh ninaowataja humu. Makala haya yanaeleza namna dalili zilivyotumika. Hayamtaki msomaji azikubali kama dalili za kisheria." Inatosha. Wengine hujaza kurasa mbili za kujieleza, na mhakiki, yaani msomi anayelipitia jarida makala kabla hayajakubaliwa, anachoka kabla hajafika kwenye hoja.

Ukiambiwa kwamba maandishi ya muumini hayawezi kutegemewa na wanataaluma, mtazame Sheikh Abdalla Saleh Farsy, aliyewahi kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Kitabu chake juu ya wanavyuoni wa Kishafii wa Afrika Mashariki kilichapishwa Mombasa mwaka 1972, kwa Kiswahili, kikiwa na heshima na mapenzi kwa masheikh waliotajwa ndani yake. Mwaka 1989 Randall Pouwels alikitafsiri kwa Kiingereza na kukitilia maelezo, kikatolewa na Chuo Kikuu cha Wisconsin huko Marekani. Jina lenyewe la tafsiri linamtahadharisha msomaji kwamba haya ni masimulizi ya kusifu watu wema. Hata hivyo wanahistoria wa pwani wanakirudia tena na tena, kwa sababu Sheikh aliandika nani alisoma kwa nani, kitabu gani, mji gani, na nani alifariki lini. Mapenzi yake hayakumzuia kutoa majina na miaka. Nakusihi ufanye vivyo hivyo. Usiandike "wanavyuoni wamesema". Andika mwanachuoni gani, katika kitabu gani, juzuu ya ngapi, ukurasa wa ngapi. Aliyelelewa katika elimu ya isnadi, yaani ya kutaja nani alipokea hadithi kwa nani, hana udhuru hapa.

Katika marejeleo ndipo makala nyingi zinapovuja. Hadithi itajwe kwa mkusanyaji, kitabu, mlango, namba na chapa, kwa sababu namba hutofautiana kutoka chapa moja hadi nyingine. Kama iko nje ya Bukhari na Muslim, taja daraja yake, kama ni sahihi au dhaifu, na aliyeipa daraja hiyo. Tirmidhi, mkusanyaji mwingine wa hadithi, mwenyewe mara nyingi husema papo hapo. Aya ya Qurani iandikwe kwa namba ya sura na ya aya, na useme umetumia tafsiri ya nani. Kwa Kiswahili hili ni jambo zito. Tafsiri ya Godfrey Dale ya 1923 ilitoka kwa padri wa Kianglikana, ya 1953 ilitolewa na Waahmadiyya, ya Farsy ni ya 1969, na ya Ali Muhsin Barwani ilifuata katika miaka ya 1990. Kila mmoja ana tanbihi zinazoonyesha anakosimama. Ukinukuu bila kutaja, umeingiza msimamo wa mtu mwingine ndani ya makala yako bila kumwambia msomaji.

Kama kazi yako inahitaji miswada, si lazima uanze kwa kutafuta nauli. Miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, imepigwa picha chini ya mpango wa British Library wa kuhifadhi nyaraka zilizo hatarini, mradi namba EAP466, na unaweza kuisoma mtandaoni. Ukienda kuhoji watu, omba kibali cha utafiti kabla kwenye tume ya sayansi ya nchi: COSTECH kwa Tanzania Bara, NACOSTI kwa Kenya, na Zanzibar ina utaratibu wake. Halafu kuna idhini ya sheikh mwenyewe. Darsa kuwa wazi kwa kila mtu si ruhusa ya kuirekodi na kuichapa na jina la msomeshaji. Muulize, na umsomee nukuu kabla hujaituma.

Swali ninaloulizwa kwa uchungu kuliko yote ni la kumswalia Mtume. Majarida mengi huondoa maneno ya kuswalia na ya kuwaombea radhi masahaba. Ninachofanya mimi ni kuweka tanbihi moja mwanzoni: kwamba mwandishi anamswalia Mtume, swalla Allahu alayhi wa sallam, kila anapotajwa, na kwamba maneno hayo hayarudiwi kwa kufuata utaratibu wa jarida. Mhariri muungwana huikubali. Mwombe kabla ya kutuma, usingoje mpaka makala yamepangwa kwa chapa.

Sasa jarida. Soma matoleo yake matatu ya karibuni kabla ya kuamua. Swahili Forum hutolewa mtandaoni bure na hupokea makala ya Kiswahili, kwa hiyo ukiandika juu ya tenzi za dini au vitabu vya masheikh wetu, anzia hapo. Islamic Africa na Journal of Religion in Africa yanatolewa na kampuni ya uchapishaji ya Brill, ushindani ni mkali, na yanataka uzungumze na mijadala iliyokwisha kuchapishwa humo. Kwa theolojia ya Kikatoliki kuna African Christian Studies la CUEA, Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki, Nairobi. Jarida likikuandikia kukusifu bila wewe kulitafuta, likaahidi kuchapisha ndani ya siku chache na kutaka malipo, liache. Pia soma mwongozo wa chuo chako wa kupandisha vyeo. Vitabu vya daawa vina thawabu yake, lakini kamati kwa kawaida huhesabu makala yaliyopitiwa na wahakiki.

Majibu ya wahakiki yatauma. Utaambiwa kwamba unatetea dini, au kwamba umesimulia bila kuchambua. Kaa nayo siku mbili, kisha tengeneza jedwali: hoja ya mhakiki, jibu lako, ukurasa uliorekebisha. Hoja ya pili karibu kila mara ni ya kweli, irekebishe. Ya kwanza ichunguze. Mara nyingi inatokana na sentensi mbili tatu zenye sauti ya fatwa, mfano "hapana shaka kwamba". Ziandike upya ili hukumu iwe na mwenyewe: "Nawawi anaona", "masheikh hawa wanashikilia". Lakini mhakiki akidai kwamba muumini hana haki ya kuandika juu ya dini yake, mjibu mhariri kwa adabu na kwa uthabiti, ukimwonyesha tangazo lako la msimamo na ushahidi ulioutoa. Hapo usirudi nyuma.

Yakikubaliwa, soma mkataba wa haki kabla ya kutia saini. Angalia kama unaruhusiwa kuweka rasimu iliyokubaliwa katika hazina ya chuo chako na kutoa toleo la Kiswahili. Kama mkataba hausemi kitu, mwandikie mhariri uombe kwa barua pepe, na jibu lake ulihifadhi. Masheikh uliowahoji wengi hawasomi Kiingereza, na hilo toleo la Kiswahili ndilo utakalowapelekea.