Kuchonga lipiko, kinyago cha ngoma cha Wamakonde

Lipiko (wingi wake mapiko) huvaliwa kichwani kama kofia, na mchezaji huchungulia kupitia mdomo wa kinyago. Kwa hiyo uzito ndio wa kufikiria kwanza. Mpingo waachie wachonga sanamu. Tafuta mti mweupe, laini na mwepesi kama mgude, gogo la urefu wa sentimita 35 na kipenyo cha 28 hivi.

Chonga likiwa bichi. Toa umbo la nje kwa tezo: paji, pua, masikio, midomo iliyotokeza. Kisha geuza, uchimbe ndani kwa patasi iliyopinda mpaka ukuta ubaki sentimita moja. Hapa ndipo wengi huharibu. Kando ya pua na kwenye macho tayari umeshakula mbao kwa nje, kwa hiyo gonga taratibu huku ukipima unene kwa vidole. Mpime mchezaji akiwa amefunga kitambaa kichwani. Lisipobana, litayumba akitikisa mabega.

Likaushe kivulini wiki mbili au tatu, limefunikwa gunia. Juani, nje hukauka na kusinyaa kabla ya ndani, ndipo nyufa huanza.

Piga msasa, paka rangi, halafu bandika nywele halisi za kinyozi kwa nta. Chale za usoni hutengenezwa kwa nta ya nyuki iliyolainishwa na kuviringishwa kama uzi; mbao ikiwa na vumbi, haishiki. Mwisho, toboa ukingo na ushone kitambaa cha kuficha shingo.