Namna ya Kuutazama Mkaratusi Unaochanua na Wageni Wake

Mkaratusi asili yake ni Australia, na wengi wetu tunaulaumu kwa kunywa maji mengi. Ni kweli haifai kuupanda karibu na chemchemi, lakini mti mkubwa uliokwisha kusimama, uwe Isamilo au Nyegezi hapa Mwanza, unastahili kutazamwa kwa makini unapochanua.

Anza kwa kuangalia ardhini. Tumba la mkaratusi hufunikwa na kifuniko kigumu, nacho kikidondoka ndipo nyuzi nyingi za ua, aghalabu nyeupe, hufunguka kuzunguka kikombe kidogo chenye nekta. Ukiona vifuniko vibichi vimetapakaa, ujue huko juu kuna chakula.

Simama mbali na shina, jua likiwa mgongoni kwako, kwa maana mkaratusi huweza kuangusha tawi zito hata siku isiyo na upepo. Darubini inayokuza mara 8 inatosha. Chagua tawi moja lenye maua mengi ulitazame kwa nusu saa, kwani anayehangaisha macho mti mzima huambulia kuona mbawa tu.

Mwanza jua huchomoza kati ya saa 12 na nusu na saa 1 asubuhi, na saa mbili zinazofuata ndizo nzuri kuliko zote. Chozi, ndege mdogo anayependa nekta, hutua kwenye kijiti na kupenyeza mdomo wake uliopinda ndani ya ua. Usiishie kuandika jina lake, bali andika anachofanya: ananyonya nekta, anakamata wadudu, au anamfukuza mwenzake, kwa sababu orodha ya majina peke yake haionyeshi mti unamlisha nani na kwa njia gani. Keremkerem, ndege mla nyuki, anayekaa kwenye tawi kavu la pembeni, kwa mfano, hakufuata maua. Anawinda nyuki walioyafuata. Nyuki hao ni wakali wakichokozwa, hivyo ukiwaona wakiingia katika uwazi wa shina, rudi nyuma taratibu.

Giza likiingia, subiri popo walao matunda, ambao baadhi yao hulamba nekta na kusafirisha chavua kwenye manyoya yao. Mkubwa wao, mwenye manyoya ya rangi ya majani makavu, anaweza kuwa na upana wa mabawa wa sentimita 76. Funika tochi kwa kitambaa chekundu na umulike kwa muda mfupi. Popo aliyeanguka asiguswe kwa mkono, maana anaweza kubeba virusi vya hatari kwa binadamu.

Rudi kwenye tawi lile lile kila wiki hadi maua yaishe, ukiandika tarehe, saa na hali ya hewa.