SOMO: Kubadili shilingi ya Kenya na ya Tanzania bila kuliwa

Wakuu, habari za jioni.

Kila wiki napata ujumbe ule ule: "Kaka, elfu kumi ya Kenya ni ngapi bongo?" Nimejibu mpaka vidole vimechoka. Leo naandika mara moja, atakayeuliza tena namtumia hapa. Mimi si mtu wa benki. Nauza vitunguu vya Mang'ola, wanunuzi wangu wengi ni wa Nairobi, na hesabu hii naifanya kila mzigo unapopita Namanga. Namba za humu ni za mfano. Za leo katafute leo.

Hatua ya 1. Andika una pesa gani mkononi na unataka kutoka na ipi.

Hatua ya 2. Shika bei, yaani Ksh moja ni Tsh ngapi. Kutoka Kenya kuja Tanzania, zidisha kwa hiyo bei. Kutoka Tanzania kwenda Kenya, gawanya.

Hatua ya 3. Jua bei unayopigia hesabu ni ya nani. Hapa ndipo nilipoliwa, kwa hiyo nisomeni taratibu.

Mwaka wangu wa kwanza mteja aliniuliza mzigo wa milioni tatu za Tanzania ni Ksh ngapi. Nikachungulia mtandaoni, nikaona shilingi moja yetu ni Ksh 0.05. Nikazidisha, ikaja laki moja na nusu. Tukashikana mikono, akalipa palepale, mtu mwungwana kabisa. Nikapeleka zile Ksh 150,000 dukani kubadili, nikahesabiwa Tsh 2,880,000. Laki na ishirini hazipo! Nilimfokea dada wa dirishani mbele ya watu, na hakuwa na kosa lolote. Usiku nikakaa na kikokotoo na daftari, nikagundua nimejiibia mwenyewe, tena mara mbili.

Mara ya kwanza ni kwenye ile 0.05. Siku ile shilingi ya Kenya ilikuwa 19.6 za kwetu. Ukigawanya moja kwa 19.6 unapata 0.05102, na mtandao ulikuwa umekata mkia. Mkia unaonekana si kitu, ila kwenye milioni tatu ni Tsh 60,000. Piga mwenyewe: 150,000 mara 19.6 ni 2,940,000.

Mara ya pili ni hiyo 19.6 yenyewe. Hiyo ni bei ya katikati, ambayo dirishani hupewi. Ubao wa siku ile ulisema KUNUNUA 19.20, KUUZA 20.00. Maneno hayo anayasema mwenye duka, si wewe. Mimi nimemletea Ksh, yeye ndiye ananunua, basi yangu ni 19.20. Senti arobaini mara laki na nusu, Tsh 60,000 nyingine hiyo imeondoka. Nilitakiwa kugawanya milioni tatu kwa 19.2 na kumwambia mteja Ksh 156,250.

Kwa hiyo:

Usitumie 0.05 wala nduguze 0.049 na 0.051. Shika ile namba kubwa, ya kumi na tisa au ishirini na kitu, uzidishe nayo au ugawanye nayo.

Ukichanganyikiwa na ubao, uliza hivi: "Nikikupa Ksh elfu kumi, nitaondoka na Tsh ngapi mkononi?" Swali hilo halina kununua wala kuuza, na makato yote yatajitokeza humo.

Usipitie kwenye dola eti kwa kuwa dola ni imara. Utalipa tofauti ya kununua na kuuza mara mbili, ukiingia na ukitoka.

Hatua ya 4. Bei iwe ya siku hiyo. Mwishoni mwa Januari 2024 dola moja ilikuwa imepita Ksh 160, na shilingi ya Kenya ilikuwa chini ya 16 za kwetu. Februari Kenya ikakopa upya dola bilioni moja na nusu ili kulipia sehemu kubwa ya deni la dola bilioni mbili lililokuwa linaiva Juni. Watu wakatulia, na ilipofika mwisho wa Machi dola ilikuwa karibu 131 na shilingi yao imepita 19 za kwetu. Miezi miwili tu. Aliyekuwa amekubaliana bei Januari na kulipana Machi, mmoja wao alilia.

Hatua ya 5. Pima kwa jicho. Noti ya elfu moja ya Kenya ni karibu misimbazi miwili, yaani noti mbili za elfu kumi za kwetu. Jibu likiwa mbali sana na hapo, umezidisha pa kugawanya.

Hatua ya 6. Ingia dukani au benki, chukua risiti. Vijana wa mpakani wenye mabunda mkononi watakutajia bei nzuri kuliko ubao, na ndiyo maana mimi siwapi. Ukibanwa ukabadili kwao, tumia kikokotoo cha simu yako, na mtu wa mwisho kuzihesabu noti uwe wewe. Akizichukua tena "kuhakikisha", anza kuhesabu upya.

Karibuni maswali.

---

Kijogoo_wa_Mjini: Mkuu somo zuri. Sasa laki moja ya Kenya ni sh ngapi?

Mwandishi: Hatua ya 2.

Kijogoo_wa_Mjini: Sijaelewa, nitajie tu jibu niko na haraka

Mwandishi: Una haraka na mimi nimetumia saa nzima kuandika. Unatoka Kenya kuja Tanzania. Zidisha.

Otis254: Asante bro. Mimi nilikuwa Arusha juzi, nikaulizia shati, muuzaji akasema "kumi na tano". Nikatoa elfu kumi nikingoja change. Alinicheki vibaya sana.

Mwandishi: Haha, pole ndugu yangu. Sokoni kwetu "elfu" humezwa. Kumi na tano ni elfu kumi na tano, kama Ksh 750 hivi. "Buku" ni elfu moja, "jero" ni mia tano, na "msimbazi" ni noti nyekundu ya elfu kumi, kwa rangi ya Simba na mtaa wao wa Msimbazi. Mimi nami sokoni Gikomba, Nairobi, niliambiwa "mbao" nikaanza kutafuta mbao.

Otis254: 😂 Mbao ni twenty bob. Soo ni mia, thao ni elfu.

Mzee_wa_Kwale: Na ishirini ndiyo ilikuwa pauni. Sisi wa zamani bado tunasema "pauni" kwa shilingi ishirini. Hata bajeti ya serikali ya Kenya ilikuwa ikisomwa kwa pauni za Kenya.

Mwandishi: Shikamoo mzee. Hiyo ilitokana na shilingi ya Afrika Mashariki, ishirini zake zilikuwa sawa na pauni moja ya Uingereza.

Binti_Kahama: Naomba kuuliza, samahani kama ni nje ya mada. Kama zote ni shilingi na zilitoka sehemu moja, kwa nini leo moja ni ishirini ya nyingine? Nani aliamua?

Mwandishi: Dada, hili si nje ya mada, hili ndilo swali nililokuwa nalisubiri. Chukua chai.

Kabla ya shilingi huku kote kulikuwa na rupia. Mwaka 1919 Waingereza wakaunda Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, makao yake London. Wakajaribu florini kwa muda mfupi, na kuanzia 1922 ikawa shilingi. Ilitumika Kenya, Uganda na Tanganyika, na Zanzibar ikaingia 1936. Shilingi moja, nchi zote.

Baada ya uhuru kila nchi ikataka benki kuu yake. Mwaka 1966 ya Tanzania ikafunguliwa Juni na shilingi yetu ikatoka, Uganda wakafuata Agosti, Kenya Septemba. Zikaanza sawa kwa sawa, moja kwa moja. Dola ilikuwa shilingi 7 na senti 14, popote ulipo kati ya hizo tatu.

Ukipenda kushangaa, shangaa hapa: mwaka 1985, kwa bei rasmi, dola ilikuwa kama shilingi 16 Kenya na 17 Tanzania. Bado mapacha! Lakini kwetu hiyo ilikuwa bei ya kwenye karatasi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, mpaka wetu na Kenya ukafungwa hadi 1983, katikati tukapigana vita ya Kagera, bidhaa zikaadimika. Dola ya mlango wa nyuma ilikuwa mara kadhaa ya ile rasmi. Kwa hiyo shilingi ilikuwa imeshaanguka zamani, serikali ndiyo ilikuwa haijakiri. Mwaka 1986, wakati wa Mzee Mwinyi, tukakubaliana na IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, na kuanza kuishusha hadharani. Kenya nao walikuja kulegeza udhibiti wao 1993, yao ikatikisika, ila haikufika mbali kama yetu. Kufikia 2000 dola ilikuwa kama 76 kwao na 800 kwetu, yaani moja kwa kumi na nusu. Mwaka 2010 ilikuwa karibu moja kwa kumi na nane.

Hakuna aliyekaa mezani akasema iwe ishirini.

Binti_Kahama: Asante sana mkuu. Mama huwa anasema alikuwa anapewa thumuni ya shule, nilidhani ni jina tu la utani.

Mwandishi: Thumuni ni senti hamsini. Neno la Kiarabu, maana yake sehemu ya nane, limebaki tangu hesabu za kale. Na "pesa" ni paisa ya Kihindi. Na "hela" unayoisema kila siku ni ya Mjerumani: mwaka 1904 aligawa rupia yake katika heller mia. Mjerumani aliondoka, heller haipo tena, sisi bado tunaitafuta hela.

Mkata_Issue: Kwa kifupi uchumi wa Kenya ni mara ishirini ya wetu. Semeni ukweli tu.

Mwandishi: Hapana, na sijasema hivyo popote. Mwaka 2025 dola moja ilikuwa kama yeni 150 za Japani, na kama Ksh 129. Kwa hesabu yako Mkenya kamzidi Mjapani. Namba ya shilingi ngapi kwa ngapi inakuambia historia ya bei. Ukitaka kujua nani ana nguvu, angalia mshahara wa siku moja unanunua kilo ngapi za unga.

Mkata_Issue: Umekasirika bure mkuu

Mwandishi: Sijakasirika. Nimekujibu.

Mama_Horohoro: Mimi niko mpakani upande wa Tanga, kikokotoo sina muda nacho, mteja amesimama. Bei ikiwa karibu ishirini nafanya hivi: Ya Kenya naidabo halafu naongeza sifuri. Ksh 350, mara mbili ni 700, weka sifuri, 7,000. Ya kwetu nafuta sifuri halafu nakata nusu. Tsh 9,000, inabaki 900, nusu ni 450.

Mwandishi: Mama, hii ni bora kuliko hatua yangu ya 5. Ila kwa soda na kanga. Mzigo wa milioni usiukadirie hivyo, yaliyonikuta mimi yatakukuta.

Mama_Horohoro: Kwani mimi nauza mizigo ya milioni baba? 😄

Safari_Njema: Nimekuta kwenye koti la marehemu babu noti nane za elfu za Kenya zenye picha ya Mzee Kenyatta. Nazibadilisha wapi?

Mwandishi: Pole kwa msiba. Noti za elfu za zamani ziliacha kuwa halali tarehe 1 Oktoba 2019. Hakuna duka litakalozipokea. Zitunze kama kumbukumbu, na mtu akikuambia ana njia, jua anakula nauli yako. Angalieni na kwetu pia. Benki Kuu yetu iliita noti za zamani, zile za 1985 hadi 2003 pamoja na ile ya mia tano ya 2010, kuanzia 6 Januari hadi 5 Aprili 2025. Kama bibi ana bunda chini ya godoro, limeshakuwa karatasi.

Otis254: Na nikija Dar naweza kulipa hoteli na Ksh moja kwa moja?

Mwandishi: Badilisha kwanza. Tangu Machi 2025 kuna kanuni zinazokataza kutaja bei na kulipia kwa fedha za kigeni ndani ya Tanzania. Na hata kabla ya hapo, hoteli ilikuwa inakupangia bei inayoipenda yenyewe.

Dereva_Sirari: Kwa simu je? Natuma kwa nyumbani kutoka Kenya, naona hawakati ada kubwa.

Mwandishi: Ada ni ndogo kwa sababu wanachukulia kwenye bei. Kabla hujabonyeza kutuma, soma mpokeaji atapata Tsh ngapi, gawanya kwa Ksh zote zitakazotoka kwako, ada ikiwemo. Hiyo ndiyo bei yako halisi. Linganisha na ubao wa dukani siku hiyo hiyo. Mimi kwa kiasi kidogo natumia simu, nauli ya kwenda dukani ingekula faida yote. Kwa kikubwa naenda.

Kijogoo_wa_Mjini: Nimepiga mwenyewe. Laki ya Kenya ni elfu tano ya Tanzania. Sawa?

Mwandishi: Umegawanya. Kwa ubao wa mfano wangu ni 1,920,000. Usibadili pesa yoyote leo, tafadhali.

Otis254: Mkuu vitunguu bado viko? Nina jamaa Githurai anataka gunia arobaini. Nimwambie bei gani?

Mwandishi: Viko. Njoo pembeni nikupe bei, kwa shilingi ya Tanzania.