Kununua SSD na RAM Mtandaoni bila Kutapeliwa

Anayenunua vipuri vya kompyuta kupitia tovuti ya mauzo ya Jiji au soko la Facebook hapa Nairobi aanze kwa kuijua kompyuta yake, kwa sababu RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ya kizazi cha DDR4 haiingii katika nafasi ya DDR5, hata muuzaji akiapa vipi. Mwombe muuzaji picha mpya ya lebo ya kifaa, kando yake pawe na karatasi iliyoandikwa tarehe ya siku hiyo. Mwenye picha za kuiba mtandaoni hataweza kuipata.

Usitume pesa kabla ya kukiona kifaa. Kutaneni mchana katika duka lililo wazi, kama yale ya Moi Avenue, na ubebe kompyuta ya kujaribia. SSD (diski ya kuhifadhia data) ndiyo inayohitaji subira zaidi: programu ya CrystalDiskInfo huonyesha saa ambazo imetumika na hali yake, lakini si kipimo cha ujazo wa uongo. SSD iliyoandikwa terabaiti 2 inaweza kuwa na gigabaiti 64 tu, na ni programu ya H2testw, ambayo huijaza data kisha kuisoma tena, itakayoufichua ulaghai huo. Kazi hiyo huweza kuchukua saa kadhaa, kwa hiyo kubalianeni kwa maandishi kuhusu muda wa kurudisha.

Unapolipa kwa M-Pesa, soma jina linalotokea kabla ya kukamilisha malipo. Lisipolingana na la muuzaji, ghairi. Risiti nayo iandikwe namba ya utambulisho ya kifaa, la sivyo muuzaji anaweza kukana kwamba alikuuzia hicho.